Kozi ya mashairi ya siku ya posho kule Kamalondo: muende, ila mufike mapema

Nataka kuwaambia benzangu ba Lubumbashi benye kupenda kusoma juu ya hii kozi, inafanyikaka siku ya posho, mu chumba ya nyuma pa mahali banatoaka fotokopi, masaa mbili kwa 3.000 franka. Mi nilienda posho iliyopita na mpaka leo ile shairi haijanitoka mu kichwa.

Tulisoma The Unknown Citizen ya W. H. Auden, Mwingereza mwenye alihamia Marekani mu 1939, na njo mu ule mwaka aliiandika. Mwalimu anasoma mustari mu Kiingereza polepole, kiisha anaeleza mu Kiswahili yetu, hata mwenye hajue Kiingereza anafika mwisho pamoja na bengine. Shairi inajifanya maandishi yenye serikali imechonga ku jiwe ya kumukumbuka mutu moja, jina yake hatuipate, tunapata paka namba, JS/07 M 378. Alitumika ku kiwanda mpaka pansio isipokuwa wakati wa vita, sendika alilipa, gazeti ananunua kila siku, hospitali aliingia mara moja akatoka amepona, batoto batano. Ku nyumba byote biko: fonografu, radio, motokari, frigo, na faida ya kununua kwa kredi aliijua. Mwisho sauti inauliza kama alikuwa huru, kama alikuwa na furaha, na inajijibu yenyewe kwamba ile ulizo haina maana, juu kama kitu iliharibika bangelisikia.

Kwa ile namba njo nilishikwa. Nkambo wangu alitumika ku Gécamines, kampuni ya kuchimba shaba, na mi nilijua matrikule yake mbele ya kujua alizaliwa mwaka gani, juu kwa ile namba njo tulitunzwa ku hospitali na kwa ile namba njo mama alipokea bunga. Nyumba ya kambi, masomo, posho, byote biliandikwa mu buku.

Mwalimu alisema mushairi anacheka batu benye kupenda bintu. Sikukubali, nikamwambia, pole papa mwalimu, mi naona ingine, na aliniacha niseme mpaka mwisho, ile njo nilipenda kupita byote. Frigo haina kosa. Radio ya nkambo ilikuwa na kitambaa yake ya kufunika, anaipanguza yeye mwenyewe, hakuna mutoto wa kuigusa, na mangaribi akiiwasha sisi bote tunanyamaza. Mwenye anapigwa mu ile shairi ni ule mwenye kusimama na buku anaandika radio moja, frigo moja, basi furaha iko. Musome tena muone, yule mutu hasemi hata neno moja, ni biro tu zinasema juu yake, ya hesabu, ya sendika, ya benye kuuza, hata bibi yake hatumusikie. Tulibishana karibu nusu saa na kulikuwa hakuna kelele wala kuzarauliana, bamama babili benye biashara ku soko balisema mambo ya kredi yenye mi sikuwazaka.

Mabaya iko kidogo. Tuliitwa saa nane tukaanza karibu saa tisa, grupu ya umeme ya jirani inalia sana, na fotokopi yangu mistari ya mwisho haikuonekana, nikasomea kwa mwenzangu. Biti ni kumi na mbili tu. Papa mwalimu, kama unasoma hii, tafazali utulete karatasi yenye wino, juu ile mistari ya mwisho njo yenye tulihitaji.