Kupiga rangi Corolla kwa bajeti ndogo Nyakato, Mwanza: uzoefu wangu

Gari zima limenigharimu shilingi 650,000, rangi pamoja na ufundi, kwenye gereji ya wazi huku Nyakato. Nimeridhika kabisa.

Kilichonivutia kwa huyu fundi ni msasa. Kutu ya juu ya magurudumu ya nyuma aliikwangua hadi bati likabaki tupu, akapiga praima ya kuzuia kutu, ndipo akapaka puti ya kusawazisha bati, tena nyembamba. Akaisugua kwa msasa namba 80, akaingia namba laini zaidi, 180, kisha 320, na mwisho msasa wa maji. Kwingine nilikoulizia walitaka 400,000, ila kutu wangeifunika kwa puti tu. Kutu ya namna hiyo huendelea kula bati chini kwa chini, na haipiti muda mrefu rangi inavimba.

Pesa niliokoa kwa kubaki na rangi ileile. Ni nyeupe ya Toyota, namba 040, imeandikwa kwenye kibati cha gari, kwa hiyo dukani hawakubahatisha. Ukibadilisha rangi, ndani ya milango na chini ya boneti napo pana gharama. Halafu nyeupe hii si metaliki, yaani haina chembe za kumetameta, haikuhitaji klia (vanishi angavu) juu. Taa na vitasa nilifungua mwenyewe, akanipunguzia. Kwenye hadina, ile kemikali ya kukomaza rangi, sikubana hata kidogo. Rangi inayochanganywa na tina (kiyeyushi) pekee ni rahisi, lakini haihimili petroli inayomwagika ukijaza tangi.

Siku iliyonyesha fundi alikataa kupiga. "Bosi, hewa ina maji, rangi itapoteza mng'ao." Tukasubiri asubuhi kavu, akamwagia sakafu maji vumbi litulie, akashusha maturubai. Wadudu wa ziwani walipenya hata hivyo, wachache wakanasa kwenye paa. Rangi ilipokauka aliwatoa kwa msasa namba 2000, akapiga polishi.

Paa lina sehemu yenye vinundu kama ganda la chungwa, unaiona jua likiwa ubavuni. Kwa bei hii, bila chumba maalumu cha rangi, naikubali.

Kilichonisumbua ni kumwona akipiga rangi na kitambaa puani. Hadina hizi zina kemikali inayoweza kumletea mtu pumu. Nilimnunulia barakoa yenye vichujio. Nanyi mkienda kwa fundi wenu, barakoa iwemo kwenye bajeti.