Kipimo cha vinasaba cha magamba ya ngozi kwa golden retriever: nimewapima wazazi wawili na watoto saba

Niseme mapema nilichonunua, ili usipoteze muda kama si unachokitafuta. Ni kipimo cha jeni moja tu, PNPLA1, ile ambayo ikiharibika huwaletea mbwa aina ya golden retriever ugonjwa wa ikthiosisi. Unatumiwa bahasha yenye vijiti vya brashi, unachukua sampuli mdomoni mwa mbwa, unairudisha maabara, majibu yanakuja kwa barua pepe. Niliagiza seti tisa: moja ya Asali, jike wangu, moja ya dume aliyempanda, ambaye mwenye naye alikubali bila kusita, na saba za watoto. Nimekipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nitaeleza imekwenda wapi.

Watoto wote saba walizaliwa wazima na walikuwa wakinyonya vizuri. Walipofika wiki ya tatu nikawa nawakagua mmoja mmoja dirishani penye mwanga, nawalaza chali mapajani. Huwa nawafunga nyuzi za rangi shingoni nisije nikawachanganya. Yule wa uzi mwekundu tumbo lake halikuwa kama la wenzake. Pale penye manyoya machache ngozi ilikuwa na makunyanzi madogo na ilibanduka vipande vyeupe, vyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Nikipuliza, kipande kinainuka upande mmoja, upande wa pili kimeng'ang'ania. Hajikuni, halii, ananyonya kama kawaida. Siku nne baadaye nikayaona yale yale kwa wa uzi wa kijani, safari hii mpaka mgongoni. Nilimpitishia kitana, kikatoka kimejaa magamba ya kijivu.

Kila niliyemwonyesha alikuwa na jina lake la ugonjwa. Mba. Viroboto. Lishe ya mama. Mmoja alinishauri niwaogeshe dawa ya kupe, watoto wa wiki tatu! Nashukuru sikumsikiliza.

Daktari wa mifugo alianza na yanayopaswa kuanza. Alikwangua ngozi akaitazama kwenye hadubini kutafuta utitiri, akang'oa nywele chache za kupima fangasi, maana choa nacho hubandua ngozi. Hakukuta kitu. Ndipo akaniuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyekuwa ameniuliza: "Dada, baba yao unaujua ukoo wake?" Nikamjibu nina karatasi zake za vizazi vitatu. Akasema, "Karatasi zitakuambia majina. Wapime wote, na wazazi pia."

Kwa asiyeujua ugonjwa huu: jina lake limetokana na neno la Kigiriki la samaki, kwa sababu ya yale magamba. Ngozi ya kawaida hujibandua chembe ndogo ndogo kila siku bila mtu kuona. Kwa mbwa hawa chembe zinashikana na kutoka kwa vipande, kwa kuwa jeni iliyoharibika inahusika na mafuta yanayokamilisha tabaka la juu la ngozi. Hauambukizi. Dawa ya kuumaliza haipo, unatunzwa tu. Na ili mtoto augue lazima arithi nakala mbili mbovu, moja kwa mama na moja kwa baba. Mwenye nakala moja mbovu huitwa mbebaji, na ngozi yake haina gamba hata moja. Ndiyo maana nisingeweza kumshuku Asali, mwenye manyoya ambayo watu husimama kuyatazama. Jeni hii ilitambuliwa mwaka 2012, na utafiti uliowachunguza mbwa hawa ndio uliokuta kwamba jeni hiyo hiyo ikiharibika kwa binadamu huleta ugonjwa wa jamii hii hii. Niliposoma hilo nilimtazama yule mdogo wa uzi mwekundu kwa namna nyingine.

Sasa kifaa chenyewe. Brashi ni nyembamba na laini, inaingia kwenye mdomo wa mtoto mchanga bila kumuumiza. Maelekezo yana picha nzuri: sugua ndani ya shavu huku ukizungusha, acha ikauke hewani, iweke kwenye bahasha ya karatasi na wala si ya plastiki, kwa sababu unyevu ukifungiwa huleta ukungu. Mahali pa kuandika jina na namba pametosha. Kazi ya mbwa mmoja haikunichukua dakika mbili.

Ila sentensi iliyohitajika kuliko zote haikuwamo. Nilichukua sampuli asubuhi, watoto wakiwa wametoka kunyonya muda huo huo. Sampuli tatu zilirudi na jibu kwamba zimechanganyika, hazisomeki. Nikapiga simu. Mama aliyepokea aliniuliza moja kwa moja:

"Uliwatenga na mama yao kwa muda gani kabla ya kusugua?"

"Sikuwatenga."

"Basi umetuletea na maziwa. Maziwa yana seli za mama, nasi tunasoma wawili ndani ya brashi moja. Safari hii watenge kwa muda wa saa mbili."

Walituma brashi nyingine bila kunidai chochote, na wale watatu wakasomeka. Hilo nawasifu kwa moyo mweupe. Lakini wiki mbili na zaidi zilipotea, katika umri ambao watoto wa mbwa wanabadilika kila siku na watu waliowaomba wanasubiri jibu. Mstari mmoja kwenye karatasi ya maelekezo ungetosha. Hiyo ni nusu ya nyota.

Majibu: Asali mbebaji, dume mbebaji. Wa uzi mwekundu na wa kijani wana nakala mbili mbovu, kama macho yalivyokuwa yameshasema. Wanne ni wabebaji, na mmoja, wa uzi mweupe, ni safi, yaani hana nakala mbovu hata moja. Wabebaji wawili wakizalishwa pamoja, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua, mbili kati ya nne za kuwa mbebaji na moja ya kuwa safi. Ni bahati ya kila mtoto peke yake. Usifanye kosa la kufikiri kwamba mimba ya watoto wanne lazima itoe mgonjwa mmoja kamili, au kwamba uzao usio na mgonjwa umewasafisha wazazi.

Nusu ya pili ya nyota imepotelea kwenye ripoti. Neno "mbebaji" limeandikwa kwa rangi ya chungwa pembeni yake pana alama ya tahadhari, na chini yake hakuna hata mstari wa kueleza. Familia iliyokuwa imemchagua wa uzi wa bluu, iliyokuja kumwona mara mbili na watoto wao, ilisoma ripoti ikajitoa. Walidhani ataanza kubanduka akikua. Mbebaji haugui ikthiosisi hii, si akiwa mdogo wala akizeeka. Nilijaribu kuwaeleza kwa simu lakini ile rangi ilikuwa imeshasema kabla yangu. Siku hizi sitoi ripoti hiyo bila karatasi yangu niliyoandika kwa mkono, nimechora mama, baba na viduara viwili viwili vya nakala, na hapo watu wanaelewa mara moja.

Na kwa wazalishaji wenzangu, tusiwaogope wabebaji hata tukawatupa nje wote kwa pamoja. Jeni hii imeenea sana kwa golden retriever. Tukiwaondoa wote kwa kizazi kimoja tutabaki na damu chache, na magonjwa mengine ya kurithi yaliyojificha yatapata mlango. Mbebaji mwenye tabia njema, nyonga nzuri na moyo mzima apandishwe na aliye safi. Hakuna mtoto atakayeugua, na kizazi kinachofuata unachagua safi polepole.

Kabla hujaagiza, uliza wanapima nini hasa. Golden retriever wana ikthiosisi nyingine inayotokana na jeni tofauti, ABHD5, na kipimo nilichonunua mimi hakiigusi. Ukipata jibu "safi" na bado mtoto anabanduka, usikae nyumbani ukijifariji kwa karatasi, mrudishe kwa daktari. Watakuuzia pia kifurushi kikubwa cha magonjwa mengi. Mengi yaliyomo humo ni ya aina nyingine kabisa za mbwa. Labrador wana yao ya pua kukauka na kupasuka, bull terrier wana yao kali ya ngozi na miguu inayoua watoto mapema. Chukua ya aina yako.

Nawaonea wivu mwema wenye farasi aina ya Quarter Horse. Wao wana HERDA, ngozi inayolegea na kuchanika kwa sababu kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, haikushikana sawasawa, na mara nyingi hawakuijua mpaka farasi alipofika kama miaka miwili akawekewa tandiko kwa mara ya kwanza. Jeni yake, PPIB, ilijulikana mwaka 2007, na chama chao kule Marekani kinataka madume ya kuzalisha yapimwe. Kwetu wenye mbwa bado mara nyingi ni hiari ya mtu na dhamiri yake. Mwenye dume aliyempanda Asali hakulazimika kukubali. Alikubali, na alipopata jibu aliwapigia simu yeye mwenyewe watu wote watatu waliowahi kumpandisha.

Wa uzi mwekundu na wa kijani wako vizuri. Nawaogesha kwa shampuu ya kulainisha magamba, naiacha kwenye ngozi dakika 10 kabla ya kusuuza, kisha dawa ya kulowanisha ngozi, na kwenye chakula naongeza mafuta ya omega kama daktari alivyopanga. Nawachana kila siku. Magamba hayajaisha na hayataisha, lakini tumbo la yule wa uzi mwekundu sasa ni laini ukiligusa. Nitakaa naye mimi. Wa kijani amechukuliwa na bibi mmoja aliyesoma ripoti mpaka mwisho, akauliza maswali manne mazuri, kisha akaomba jina la shampuu.

Asali akipandishwa tena itakuwa kwa dume aliye safi, na jibu lake nimeshaliona kwa macho yangu. Brashi nitaagiza hapo hapo, kwa watu hawa hawa. Nimewaandikia kuhusu maziwa na kuhusu ile rangi ya chungwa. La maziwa wamenijibu kwamba wataliongeza kwenye maelekezo. La rangi bado nasubiri.