Ramani ya Simu kwa Mgeni wa Kigoma: Inakufikisha Mtaani, Mlangoni Ulizia

Mgeni anayeshuka garimoshi Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati, ana msaada wa kweli mfukoni ikiwa simu yake ina ramani. Mimi ni mkazi wa Tabora na kazi hunipeleka Kigoma-Ujiji mara kwa mara, kwa hiyo tathmini hii ni ya mtu anayeitegemea simu kutafuta njia kwa miguu, kwa daladala na kwa bodaboda. Maoni yangu ni kwamba simu inaaminika sana katika kukuonyesha mahali ulipo. Kukufikisha kwenye nyumba au ofisi unayoitafuta ni jambo jingine, kwa sababu hilo linategemea kama kuna mtu aliyewahi kupaandika mahali hapo kwenye ramani.

Wengi hudhani kwamba bando likiisha, na ramani imekwisha. Sivyo. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti za GPS zinazoizunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 20,200, na ikizipata nne inaweza kukokotoa mahali ulipo bila kutumia data yoyote. Kinachokula data ni ramani yenyewe, nayo unaweza kuipakua ukiwa bado nyumbani. Kwa mtembea kwa miguu ninapendekeza Organic Maps, programu iliyoanza mwaka 2021 na inayotumia ramani za OpenStreetMap, mradi wa ramani ya dunia inayoandikwa na watumiaji wenyewe: hailipiwi, haina matangazo, na inakuongoza kwa gari, baiskeli au miguu hata pasipo mtandao. Google Maps nayo inakuruhusu kupakua eneo na kuongozwa ukiwa kwenye gari, lakini maelekezo ya kutembea kwa miguu yanahitaji intaneti. Jambo moja tu linadai subira: simu iliyozimwa safari nzima, ikiwashwa bila data, huchelewa kuzipata setilaiti. Toka chini ya paa la stesheni, simama mahali pa wazi, uipe dakika chache.

Kutoka stesheni, Barabara ya Lumumba inapanda kuelekea Mwanga, na hapo ndipo mgeni anapojifunza kuisoma simu yake. Ukiwa umesimama, usiuamini sana mshale unaoonyesha umeelekea wapi, kwa maana dira ya simu huyumba ikiwa karibu na vyuma na magari. Tembea hatua kadhaa kisha tazama nukta inayoonyesha ulipo imesogea upande gani. Mwendo wa nukta ni ushahidi mzuri kuliko mshale. Kigoma ina neema nyingine ambayo Tabora hatuna: Ziwa Tanganyika liko magharibi, hivyo ukiiacha ramani kaskazini ikiwa juu, ziwa linabaki kushoto mwa kioo, na ni vigumu kupotea kabisa. Ila umbali unaosomeka kwenye simu usiuchukulie kuwa ndio uchovu wa safari. Mji huu una vilima, na kilomita moja ya kupanda juani si sawa na kilomita moja ya kwetu.

Kwa maeneo yanayojulikana, kazi ni nyepesi. Kumbukumbu ya Livingstone kule Ujiji utaipata bila taabu. Anayekwenda Gombe asiitafutie barabara, maana hifadhi hiyo hufikiwa kwa boti. Atafute ufuko wa Kibirizi, kaskazini mwa mji, zinakopakia boti za abiria.

Ugumu unaanza katika mitaa ya makazi. Ni kweli kwamba operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilileta namba za nyumba na vibao vya majina ya barabara, lakini mwenyeji wako hatakutajia namba. Atakwambia ushuke kituo fulani, upite msikitini, kisha uulizie kwa Mama Fulani, na ramani haimjui Mama Fulani. Dawa niliyoiona inafaa ni kumwomba mwenyeji akutumie mahali alipo kwa WhatsApp, akiwa amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, na asubiri mpaka idadi ya mita inayoonyesha usahihi ishuke kabla ya kutuma. Akiituma haraka akiwa ndani ya nyumba, nukta yaweza kuangukia uchochoro wa pili, na katika mitaa ya Ujiji iliyobanana uchochoro wa pili ni mzunguko mrefu. Ukikaribia, weka simu mfukoni, usalimie, uulize. Mzee aliyekaa barazani atakupeleka kwa usahihi ambao setilaiti haina.

Kwenye daladala ramani hukusaidia kujua kituo chako kimekaribia, ingawa njia ya gari ni konda anayeijua. Kwenye bodaboda soma njia kabla ya kupanda. Kushika simu mkononi gari likipishana nawe ni hatari.

Upungufu wa majina unaweza kurekebishwa na watumiaji wenyewe, kwani OpenStreetMap inampa kila mtu nafasi ya kuandika, hata kupitia Organic Maps yenyewe. Mimi huongeza maduka ya dawa na vituo ninavyopita. Wakazi wa Gungu, Katubuka na Bangwe wanayajua majina yanayotumika kweli kuliko mgeni yeyote, nami nawaomba wayaandike.