Wakili wa kulipwa kwa saa: mwaka mmoja na nusu kwenye bandari kavu yetu

Mimi ndiye ninayeshika mikataba kwenye bandari kavu yetu, Kurasini, Dar es Salaam. Mwanasheria wa kuajiriwa tuliwahi kuwa naye. Nusu ya mwezi hana kazi, nusu nyingine tunamlaumu kwa mambo ya meli ambayo hajawahi kuyashika. Tukahamia kwenye ofisi ya mawakili wa nje: saa 15 kwa mwezi, zisizotumika zinahamia mwezi unaofuata, na wakili mmoja anayezijua shughuli za bandari anakuja kila Jumanne.

Nilianza kumwamini kwa sababu ya kontena moja la futi 40 la kwenda Lubumbashi. Mteja alidai tumelitoboa yadini, maji yakaingia, mzigo ukaharibika. Bosi alishasema tulipe yaishe. Wakili hakufungua kitabu. Aliulizia karatasi ya makabidhiano, ile anayosaini dereva akilitoa kontena bandarini. Tuliikuta chini ya faili, ina duara la kikombe cha chai, na pembeni dereva wetu kaandika kwa kalamu ya bluu: "tundu ubavuni, karibu na mlango." Kumbe kontena lilitufikia likiwa limeshatoboka. Wakili akamwandikia mteja barua ya ukurasa mmoja, akamkumbusha pia kwamba kwa kanuni za Hague, zile za kimataifa za mizigo ya melini, ambazo bili yake ya shehena (hati ya kusafirishia mzigo) ilizitaja, dai dhidi ya mwenye meli linakufa mwaka 1 ukipita tangu mzigo kukabidhiwa. Miezi 9 alishaimaliza kwa kugombana na sisi. Hatukumsikia tena.

Mara nyingine bosi alitaka kumfukuza dereva wa foklifti kwa ujumbe wa WhatsApp. Wakili akamzuia: aitwe kwanza, asikilizwe, kikao kiandikwe. Dereva ana siku 30 za kwenda CMA, tume inayosuluhisha migogoro ya kazi, na huko tungeulizwa tulivyomfukuza, si kosa lake tu.

Sasa yaliyoniudhi. Wanahesabu muda kwa vipande vya dakika 6. Nilimpigia kumuuliza kama amefika getini. Nikaikuta kwenye ankara! Malori yetu yanaingia usiku, ila simu yake baada ya saa 12 jioni ni bahati nasibu.

Kubwa zaidi ni mgongano wa maslahi. Watu wa bandari ni walewale. Tulipovutana na wakala mmoja wa meli juu ya tozo za kuchelewa kurudisha makontena matupu, ofisi ikatuambia haiwezi kutusimamia kwa sababu wakala huyo ni mteja wao pia. Kusema ukweli walisema, lakini walisema zikiwa zimebaki siku mbili tujibu dai. Nilizunguka mjini na faili kwapani kutafuta wakili mwingine, kwa bei ya mtu aliyebanwa. Ukiingia mkataba wa namna hii, uliza siku ya kwanza ni kampuni gani za bandarini wanazihudumia, na iandikwe nani atakushika wao wakikwama. Mimi sikuuliza.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Mwenye kesi mahakamani kila wiki aajiri wa kwake. Sisi tumeongeza mwaka, ila kwa saa 10, na kipengele cha mgongano kimeandikwa upya. Karatasi za makabidhiano nimezihamishia kwenye kabati lenye kufuli, mbali na chai.