Koti la mtumba la Karume kwenye Atlantiki, nalipa nyota nne na nusu

Mwezi wa kumi nilivuka na mama kwa meli, Queen Mary 2, Southampton mpaka New York, usiku 7. Mama yuko na mimi hapa Uingereza na ndege hataki hata kuisikia, nishachoka kubishana nae.

Sasa nguo. Nilijifanya mjanja nikaagiza mtandaoni koti zito la manyoya ya bata, pauni 90, duka silitaji. Lile la pili ni koti jepesi la mvua nililookota soko la Karume nilivyoenda likizo Dar, elfu 18 baada ya kuvutana na yule kaka, na shemeji alinicheka hadi basi, eti natoa nguo Bongo napeleka Ulaya wakati zenyewe zimetoka huko huko kwenye belo. Cheka tu.

Siku ya pili tukapanda deki ya 7, ile ya kutembea kuzunguka meli nzima. Aisee. Baridi ya nyuzi 10 hivi sio tatizo, tatizo ni upepo, maana meli yenyewe inakata kama kilomita 40 kwa saa, kwahiyo hata bahari ikilala upepo wako unao, na ukienda magharibi mara nyingi unakuja wa mbele. Ukielekea tezi, nyuma ya meli, unasukumwa unajiona kijana, ukigeuka kuelekea omo, mbele, unapigwa makofi. Upande wa demani, uliokingwa na upepo, watu wamejilaza kwenye viti na blanketi, upande wa joshi, unakotokea upepo, hamna mtu. Lile la pauni 90 likala manyunyu kama robo saa tu, manyoya yakajikusanya mafundo mafundo kama mto uliofuliwa, na mikono ya kufuma ikanywa maji mpaka kwenye kiwiko. Halikukauka mpaka kesho yake jioni. La Karume, chumvi ilikauka juu yake nyeupe nikafuta na taulo, ndani pakavu. Chini yake nilivaa fulana ya sufu na sweta moja, basi. Pamba acheni nyumbani, ikilowa inakugandisha.

Ila msijaze masweta. Ndani ya meli kuna joto, mama alikaa na dera na kanga siku nzima, na ile mizula mitatu niliyobeba nilivaa mmoja. Mashine za kufulia zipo bure. Jioni ndo wanataka watu wapendeze, na kuna usiku wa kuvaa rasmi kabisa, suti au gauni refu, kwahiyo nafasi ya begi iende huko. Glavu mbili sio anasa, moja itaruka (yangu iliruka).

Kazi yenyewe ya koti ni asubuhi ya kufika. Meli inapita chini ya daraja la Verrazzano bado giza, bomba lake la moshi linapita karibu na daraja mpaka unainamisha kichwa mwenyewe, watu wote wako juu wamesimama, upepo huo. Mama akaniambia nipe hilo lako. Nikabaki na sweta na mzula natetemeka mpaka Brooklyn.

Nusu nyota nimekata kwa ajili ya zipu, inakwama chini. Nimeipaka mshumaa ikalegea kidogo. Koti bado analo yeye.