Uzoefu wangu: dashibodi ya ndege ya kujiundia, skrini moja ndogo na geji za mshale

Mjomba wangu ana ndege. Najua mtu wa Mtwara akianza hivo mnajua anakuja na stori za korosho kupanda bei, ila ni kweli kabisa, ndege ndogo ya viti viwili, Zenith CH 701, ile inakuja ikiwa mabati ya alumini na maboksi ya riveti unaunganisha mwenyewe, injini Rotax 912 ULS ya farasi 100. Yeye kaunga bodi, mi ni fundi umeme wa magari na boti hapa Shangani, nikakabidhiwa waya zote pamoja na dashibodi. Habari za vibali vya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na saa za majaribio alipambana nazo mwenyewe. Mi naongelea dashibodi tu, maana nimekaa nayo mwaka na nusu sasa nikiwa kiti cha kulia, kuna vitu tulinunua nikashukuru na kuna hela tumeitupa baharini.

Mwanzo mjomba alitaka skrini kubwa. Alikuwa anaangalia video za Wamarekani wanaojiundia ndege, wanafunga skrini mbili za inchi 10 ubavu kwa ubavu kama runinga za basi la Dar, ramani huku, injini huku, katikati upeo wa macho, yani kile kipimo cha mbingu na ardhi kinachoonyesha ndege imelala vipi, una rangi ya bluu na kahawia, akaniambia nataka kama ile. Nikamwambia mjomba hii ndege inatembea maili 80 kwa saa, tunaenda Masasi. Alininunia siku mbili. Kilichokuja kumgeuza sio maneno yangu, ni plaiwudi.

Nilimpelekea seremala mmoja Mikindani vipimo vya paneli, akanikatia plaiwudi saizi ile ile, nikaiegemeza uani mbele ya viti viwili vya plastiki. Kwenye CH 701 fimbo ya kuongozea ni moja, iko katikati ya viti na juu imegawanyika kama herufi Y, sisi tukachomeka mwiko wa ugali kwenye ndoo ya mchanga. Tundu la geji ya kawaida ya ndege ni inchi 3 na moja ya nane, yani karibu sentimita 8, kwahiyo mifuniko ya makopo ya jikoni inafaa kabisa, nikaibandika kwa selotepu. Skrini kubwa nikazichora kwenye boksi kwa makapeni na namba zake zote. Mjomba anakaa, anashika mwiko, macho kwenye mwembe, mi nikisema spidi yeye anatakiwa ashushe jicho mara moja tu aguse kwa kidole.

Kwenye zile skrini mbili alikuwa anatafuta. Sio sana, kama sekunde mbili hivi, kidole kinaning'inia hewani halafu ndo kinatua, na mara nyingine kinatua kwenye namba ya joto la oili. Kwenye mifuniko alikuwa anapiga palepale hata hajamaliza kugeuza jicho. Tulicheza hivo jioni tatu, mkewe anatuangalia kama watu waliorukwa na akili na kila saa anaulizia mwiko wake. Siku ya tatu mjomba mwenyewe ndo alichana boksi.

Tukaishia hivi: kushoto geji ya spidi ya mshale, katikati Garmin G5, kulia altimeta ya mshale, yani geji ya kimo, dira juu kwenye kioo, na geji za injini safu moja chini. Huo mpangilio sijabuni mimi, spidi kushoto, upeo katikati, kimo kulia ndo wa ndege za kujifunzia karibu zote, kwahiyo jicho la rubani linajua njia.

Hii G5 ni kadude ka skrini ya inchi 3.5, inaingia kwenye tundu lile lile la geji, ndani yake unapata upeo, spidi, kimo, kasi ya kupanda na kushuka, na kale kampira ka kukuonyesha ndege inateleza upande gani. Ina betri yake ya akiba inayoweza kukaa mpaka masaa manne umeme wa ndege ukizima. Bei yake inapita dola elfu moja, na bado ajenti wa mizigo alikalia boksi letu Dar wiki tatu bila kupokea simu, ila kifaa chenyewe sina neno baya, saa sita mchana jua la huku linawaka na bado unaisoma.

Sasa mtu ataniuliza kama G5 ina spidi na kimo ndani, mishale ya nini tena? Moja, umeme. Zile geji mbili zinafanya kazi kwa upepo na presha ya hewa tu, hazijui betri ni kitu gani. Pili, na hii ndo kubwa kwangu, mshale huusomi, unauona tu. Hii ndege ikishuka kama maili 30 kwa saa bawa linaacha kubeba, na kiwanja chetu njia inalala kaskazini kusini, msimu wa kusi upepo unatokea kusini mashariki unakupiga ubavuni, mjomba anapambana na fimbo na pedeli, hapo hakuna binadamu anayesoma namba. Ila mshale ukirudi kule kwenye spidi ndogo unauona hata kwa pembe ya jicho.

G5 tuliichukua bila ile sensa yake ya sumaku, kwahiyo inakuonyesha ndege inaelekea wapi kweli juu ya ardhi kwa GPS, sio pua inaangalia wapi. Mwanzoni ilituchanganya. Tunaenda Masasi, kusi inatusukuma kutoka kushoto, dira inasema hivi skrini inasema vingine, tofauti nyuzi kama nane, mi nikadhani nimekosea waya. Kumbe zote mbili ziko sawa, pua imeelekezwa kwenye upepo ila ndege inakwenda pembeni kidogo kama ngalawa inavyokata mkondo. Siku hizi naipenda hivohivo, unaweka namba ya njia yako kwenye skrini na majabali ya Masasi yanakuja yenyewe mbele ya kioo.

Dira nayo ilinipa aibu. Nilipitisha waya wa taa karibu yake na kishikio nikakifunga kwa skrubu za chuma, mazoea ya gari. Ukiwasha taa dira inahama nyuzi 15! Nikabadilisha skrubu nikaweka za shaba, halafu waya wa kwenda na wa kurudi nikazisokota pamoja kama kamba ya usumba, sumaku zao zinauana zenyewe. Mchezo ukaisha.

Hela ya baharini ni tableti ya inchi 10. Mjomba alikuwa bado ana kiu ya skrini kubwa, akaifunga katikati na kile kishikio cha kunyonya kioo, mwezi wa 12, joto lote lile na kioo cha ndege ni kama banda la nailoni la kukuzia nyanya. Tuko juu ya uwanda wa Makonde ramani ikazima, ikabaki alama ya kipimajoto. Baadae nikasoma kikaratasi chake, mwisho nyuzi 35. Ndani ya ndege iliyoachwa juani hapa Mtwara nyuzi 35 unazipita hata injini haijawashwa! Sasa hivi tuna kadogo kanakaa pajani kwenye kivuli, na ramani ya karatasi mfukoni.

Geji za injini nilikataa skrini kabisa. Rotax presha ya oili ukishapita mizunguko 3500 kwa dakika inatakiwa kati ya baa 2 na 5, mizunguko mwisho 5500 kwa safari, ukifika 5800 una dakika 5 tu. Mipaka hiyo nimeichora kwenye vioo kwa rangi ya kucha ya mke wa mjomba, nyekundu, na nikavuta mstari mmoja kutoka kwenye kioo mpaka kwenye fremu, kioo kikizunguka nijue. Pembeni kuna taa nyekundu ya presha ya oili, kubwa kuliko inavyohitajika, makusudi. Sensa yake usiifunge juu ya injini, mtikisiko utaiua, peleka mpira mpaka kwenye ukuta wa moto, kile kibati kinachotenga injini na viti, uifunge pale. Na waya tumia zile za boti, shaba yake imepakwa bati, chumvi ya huku haina huruma.

Redio na transponda, kile kifaa kinachojibu rada, ziko upande wangu kulia, zinafanya kazi, sina la kuongeza.

Limebaki tundu moja chini ya altimeta, nimeliziba kwa kibati na riveti nne. Mjomba anataka saa ya mshale, mi nataka sehemu ya kuchajia simu, na mkewe kaleta picha ya wajukuu inayoenea pale kabisa.