Hata shikamoo hakutoa

Nimesubiri wiki nzima hasira zipungue ndipo niandike. Hazijapungua, basi naandika nazo.

Kampuni yenyewe siitaji. Iko hapa Dar, inauza domeni, yaani majina ya tovuti, na kuhosti tovuti kwenye seva zake, na kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea wateja, mmoja baada ya mwingine, bila kudai hata shilingi. Bei zao na ukubwa wa seva zao mtaviona wenyewe mkitaka. Mimi ninalo jambo moja tu, asubuhi moja kwenye kaunta yao na mama mmoja wa Pangani.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Sina ofisi, nafanyia nyumbani Sinza, tena usiku zaidi, mtaa ukishatulia na intaneti nayo ikitulia. Wateja wangu ni watu wa kawaida: fundi samani wa Keko, shule ya chekechea, muuza vipuri. Na huyu mama. Ana nyumba ya wageni ya vyumba vitano Pangani mjini, upande huu wa mto, kabla hujapanda pantoni kwenda Bweni. Wageni wake wengi wanatoka Ulaya, wanakuja kutazama kasa kule Ushongo na kwenda kisiwa cha Maziwe, na huandika imeili miezi mitatu au minne kabla ya kufika. Kwa hiyo kwake imeili ndiyo mlango wa duka. Ukifungwa huo, hakuna anayeingia.

Tovuti yake nilimjengea kwa HTML tupu, ile lugha ya msingi ya kuandikia kurasa za wavuti. Kurasa nne, picha chache nilizozibana mpaka ukurasa wa kwanza haufiki kilobaiti 200, ili ufunguke hata mtandao ukishuka. Hakuna mfumo wa kuundia tovuti kama WordPress, hakuna vikorombwezo vinavyodai kusasishwa kila wiki. Katika tovuti zote nilizowahi kutengeneza naipenda hiyo kuliko zote, na nikikaa na vijana wanaoanza kazi hii huwaonyesha hiyo.

Domeni yake, ya .com, ilinunuliwa kabla sijamfahamu, mwaka 2017, na mpwa wake, kupitia kampuni hii. Kila mwaka mama anatuma elfu thelathini na tano kwa M-Pesa, wanamtumia risiti, anaenda kuichapisha steshenari anaiweka kwenye kopo la biskuti. Hajawahi kuchelewa hata mwaka mmoja. Shikeni hilo kopo, nitalirudia.

Shida ilianza kwenye msimu, Julai hivi au Agosti. Wageni wakawa wanaandika, mama anawajibu, wao wanadai hawajajibiwa. Nikachunguza. Majibu yake yalikuwa yanaangukia kwenye kapu la barua taka, kwa sababu anwani ya seva aliyowekwa anashirikiana na wateja wengine wengi, na miongoni mwao kuna mtu anamwaga barua za utapeli. Anwani ikishaingia kwenye orodha nyeusi, wote waliomo humo wanahesabiwa wachafu, hata mama wa watu ambaye kosa lake ni kuandika "karibuni sana". Niliwaandikia kampuni mara tatu. Mara ya tatu wakanijibu, "Tumeliona, linafanyiwa kazi." Halikufanyiwa kazi. Chumba kimoja baada ya kingine kikapotea.

Nikaamua kumhamisha. Seva mpya niliiandaa kwa siku tatu. Ilibaki kitu kidogo tu, kuelekeza domeni huko, mistari miwili ya kubadilisha, kazi ya dakika tano. Lakini kwenye akaunti ya mama sehemu hiyo imefichwa, lazima wafanye wao. Wakakataa. Nikasema basi nipeni msimbo wa uhamisho, lile neno la siri la kuhamishia domeni, tuipeleke kwa msajili mwingine, yaani kampuni nyingine inayosajili majina haya. Jibu: "Mwenye domeni aje." Sawa, nikaandika barua, mama akasaini, ikaskaniwa, ikatumwa. Jibu: "Huyu siye mwenye domeni."

Niliisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Halafu nikafungua ule ukurasa wa kutafuta taarifa za domeni wa ICANN, shirika linalosimamia majina haya duniani, nikaandika jina la nyumba ya wageni, nikateremka mpaka sehemu ya mwenye jina. Limeandikwa jina la kampuni. Imeili ni ya kampuni. Mama hayumo popote. Amelipia miaka yote hiyo kitu kilichosajiliwa kwa jina la aliyemuuzia.

Niwaeleze wasio wa kazi hii. CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, waliiachia dunia teknolojia ya wavuti bure tarehe 30 Aprili 1993, mtu yeyote aitumie bila kulipa. Ndiyo maana mimi, mtoto wa fundi cherehani, nikaweza kujifunza HTML kwenye intaneti kafe na leo nakula kwayo. Lakini jina huachiwi bure, jina unalikodi mwaka kwa mwaka, na kwa domeni za .com anayehesabiwa mkodishwaji halali ni yule aliyeandikwa kwenye daftari. Risiti ya M-Pesa haimo humo. Kopo la biskuti halimo humo. Ukimwandikisha mteja kwa jina lako wewe muuzaji, umemfunga mikono na hajui. Anaweza kulipa miaka ishirini, siku anayotaka kuondoka ndiyo anaambiwa hana kitu.

Nilimpigia mama. Nilijua sauti yangu ingemtisha, nikajitahidi kuituliza. Akaniuliza swali moja tu, "Kwani mwanangu, wao wamelitoa wapi?" Kisha akasema anakuja Dar.

Alishuka Mbezi stendi ya Magufuli usiku, akalala kwa mtoto wa dada yake Kimara, asubuhi tukakutana mlangoni kwao. Amevaa khanga mpya, kopo la biskuti limo kwenye mfuko wa rambo. Ana miaka zaidi ya sitini, goti linamsumbua. Tumepanda ngazi taratibu.

Kwenye kaunta kulikuwa na kijana. Simjui, sitaki kumjua. Umri wake hauzidi wa mjukuu wa kwanza wa yule mama. Tumesimama mbele yake, yeye macho kwenye simu. Mama akasubiri. Mnajua mnavyosubiri wazee wa pwani, anampa mtoto nafasi atoe shikamoo yake. Haikutoka. Mama mwenyewe ndiye akaanza, "Hujambo, mwanangu." Kijana akasema, "Namba ya akaunti?"

Nimekaa na jambo hili siku zote hizi. Domeni nitaipata, najua. Seva zipo nyingi duniani. Lakini mama mtu mzima amesafiri kutwa nzima, amesimama mbele yako na goti bovu, kiti kipo nyuma yako kitupu, na wewe humwamkii, humkaribishi, unamuuliza namba! Mama yangu angenichapa. Naamini na mama yake angemchapa.

Mama akafungua kopo, akaanza kupanga risiti moja moja kwenye kaunta, 2017, 2018, kila moja ameikunja vizuri. Kijana hakuzitazama. Akasema, na hapa nanukuu kwa sababu nilikuwa nimesimama palepale: "We bibi, hilo jina si lako. Wewe unalitumia tu. Ukilitaka kuna ada ya kuachilia, laki na nusu."

Mama akanyamaza kidogo. Akamwambia, "Baba, hilo ni jina la mama yangu mzazi." Kweli, nyumba ile ameiita jina la marehemu mama yake. Kijana akajibu kwamba kwenye mfumo haionyeshi hivyo.

Nilipaza sauti. Nakiri nilipaza sauti, na watu waliokuwa wakisubiri waligeuka. Nilimwambia kuna kanuni, na kanuni nilikuwa nazo mkononi, maana usiku ule sikulala, nilisoma sera ya uhamisho ya ICANN kuanzia juu hadi chini nikaichapisha. Inasema msajili akiombwa msimbo na mwenye jina autoe ndani ya siku tano. Inasema hawezi kuuzuia kwa sababu tu wanagombania malipo. Kijana akanijibu kwa utulivu, "Na mwenye jina ni sisi." Hapo nikakosa la kusema, kwa sababu kwa karatasi hiyohiyo niliyoishika alikuwa na haki. Wamejiandika wenyewe, kisha wanajificha nyuma ya maandishi yao. Mama akanigusa mkono, akasema, "Twende, mwanangu, usijiharibie afya."

Sasa haki isemwe. Tulipofika chini kwenye ngazi, binti mmoja akatukimbilia kutoka juu. Ni wa upande wa ufundi, alikuwa amesikia. Kitu cha kwanza kumtoka mdomoni: "Shikamoo mama." Mama akaitika marahaba mpaka uso ukamfunguka. Binti akatuomba turudi tuingie chumba chao cha pembeni, akampa mama kiti, akampa maji. Akatazama risiti zote. Akaniambia polepole kwamba domeni nyingi za zamani waliziandika hivyo, kwamba ilikuwa desturi ya haraka, wanajaza fomu mara moja kwa taarifa zao. Akaomba cheti cha BRELA cha jina la biashara na kitambulisho cha NIDA, mama anavyo vyote, vimo kwenye kopo. Kabla ya adhuhuri jina la mama lilikuwa limeandikwa kwenye daftari. Bila laki na nusu, bila hata mia.

Kwa hiyo nilipoondoka pale niliwaza nitaandika maneno ya wastani. Nilitaka kusema kampuni ina mtu mbovu mbele na mtu mwema nyuma, ombeni mwongee na wa nyuma. Mama mwenyewe alinisihi nisiwaandike vibaya, kwa ajili ya yule binti. Ningewapa nyota mbili, labda tatu. Na kusema kweli, kwa miaka ile ya kwanza seva zao hazikuwa mbaya, niliwahi kuwapigia saa nane za usiku tovuti ya shule imeanguka siku ya matokeo, wakapokea, wakainyanyua.

Juzi nimeomba msimbo, sasa kwa jina la mama, mwenye jina halali. Wakanijibu kwamba domeni imefungwa siku sitini. Nikaenda kusoma tena. Kweli, ukibadilisha mwenye jina, domeni hufungwa siku sitini isihamishwe kwa msajili mwingine, ni kinga dhidi ya wezi, na ni kinga nzuri. Lakini ile sera inamruhusu msajili kumpa mteja nafasi ya kuikataa hiyo kufuli kabla ya mabadiliko. Hakuna aliyetuuliza. Binti simlaumu, pengine mfumo wao haumpi hata sehemu ya kubofya. Namlaumu aliyeutengeneza mfumo huo. Na ndani ya siku hizo sitini domeni inafika mwisho wa mwaka wake, maana yake mama alipe tena elfu thelathini na tano, kwao, ili asilipoteze jina la mama yake. Nilipowaomba basi walau waielekeze kwenye seva mpya wakati tunasubiri, ile mistari miwili, aliyenijibu alikuwa kijana yuleyule wa kaunta, jina lake liko chini ya ujumbe. Akaandika: "Subiri."

Basi nyota tatu nimezifuta, na mbili nimezifuta. Binti wa ufundi, kama unasoma, haya hayakuhusu, na ukitafuta kazi kwingine nitafute nikuandikie barua ya kukusifu. Ninyi wengine mlioweka domeni zenu hapo, na wateja wangu wote niliowapeleka mimi mwenyewe, nimeshaanza kuwapigia mmoja mmoja tutazame pamoja sehemu ile ya mwenye jina. Hadi jana usiku nimekagua kumi na moja. Saba ni za kampuni.

Mama amerudi Pangani. Ule ukurasa wenye jina lake ameuchapisha, ameubandika mapokezi karibu na leseni ya biashara. Ananipigia kila baada ya siku mbili kuuliza zimebaki ngapi. Nimeziandika kwenye kalenda ukutani, naziweka alama kila asubuhi. Siku ya sitini na moja nitaomba msimbo tena, na siku tano zikipita nitarudi hapa niwaambie kama umetoka.